Kupindika kwa Boriti za Chuma Zilizolehemiwa

KUPINDIKA KWA BORITI ni kule kupotewa na umbo lililokusudiwa kunakoipata boriti ya chuma cha pua baada ya kulehemiwa, hata ile iliyolazwa mezani imenyoka ikainuliwa ina kibiongo. Watu husingizia uzembe wa fundi, lakini asili yake imo katika tabia ya madini yenyewe. Chuma cha pua hutanuka kiasi cha milimita 1.2 kwa kila mita, harara ikizidi kwa nyuzi 100 za sentigredi. Na pambizoni mwa mshono, ambapo moto hukaribia nyuzi 1500 za kuyeyusha, chuma kitakacho kutanuka kimezungukwa na chuma baridi kisichokipa nafasi, nacho, kwa kuwa kimekwisha kulainika, hujifinya na kunenepa badala ya kurefuka. Kikipoa hunywea, kikataka kuwa kifupi kuliko kilivyokuwa awali, na ndipo kinapoivuta boriti nzima upande wake.

Dalili zake huonekana wazi katika boriti iliyoundwa kwa mabamba matatu, moja la kusimama na mawili ya kulala. Ukiweka rula juu ya bamba la kulala baada ya mishono kupoa, utaikuta imeegemea katikati tu, mwanga ukipenya pande zote mbili, maana kingo za bamba zimeinama mfano wa mwavuli. Tena, mishono ya upande mmoja ikizidi ya upande wa pili, boriti hujipinda kwa urefu wake kama upinde.

Kinga ya kwanza ni kiasi. Mshono wa pembe wenye ubavu wa milimita 6 una eneo la milimita za mraba 18, na wa milimita 8 una 32. Basi fundi aliyeagizwa 6 akaweka 8, akidhani anatia nguvu, ameongeza chuma cha kunywea kwa zaidi ya robo tatu. Yafaa pia kulehemu pande kwa zamu, na kuyatega mabamba kinyume kidogo ili yakivutwa yarudi sawa. Kuyabana kwa jiliwa na kabari huzuia kupinda, lakini nguvu iliyozuiwa hubaki ndani. Na daraja la Hasselt huko Ubelgiji lilipoanguka mwaka 1938, mvutano wa namna hiyo ulihesabiwa miongoni mwa sababu, pamoja na wepesi wa chuma chenyewe kuvunjika.

Boriti iliyokwisha kupinda hunyoshwa kwa moto ule ule. Mgongo wake hupashwa mahali mahali kwa umbo la kabari, kitako kikiwa ukingoni, hata nyuzi kama 600, kisha huachwa. Asiyezoea hushtuka, kwani wakati wa kupashwa hiyo boriti huzidi kubinuka. Fundi mzoefu huzima moto, akangoja, wala hanyoshi uzi wa kupimia mpaka chuma kiweze kushikwa kwa mkono.