Nahau ya Kiingereza katika Nchi ya Wahaya

Katika kata ya Ijuganyondo, ndani ya Manispaa ya Bukoba, kama katika shule nyingine zote za vilima vilivyofunikwa na migomba na mibuni kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria hadi Muleba, liko zoezi moja la Kiingereza ambalo ni nadra mwanafunzi wa sekondari kulikwepa, nalo ni lile la kupewa sentensi mbili fupi na kuamriwa aziunganishe kwa kirejeshi. Mwalimu huandika ubaoni: "This is the man. His cow died." Mwanafunzi hufikiri kidogo, kisha aghalabu huandika: "This is the man who his cow died." Mwalimu hutia alama ya kosa kwa wino mwekundu, huandika "whose" juu yake, na kupita kwenda daftari la pili. Kosa hilo lina umri mrefu na nasaba inayojulikana, na mtu atakaye kulielewa hana budi kurejea historia ya lugha katika nchi ya Wahaya, maana huko ndiko lilikozaliwa.

Kiingereza kilikuwa mgeni wa mwisho kufika Bukoba. Kabla yake, juu ya Kihaya cha wenyeji, zilikuwa zimekwisha tandazwa lugha nyingine kadha wa kadha, kila moja na kaida zake. Mwaka 1890 Emin Pasha alisimamisha bendera ya Wadachi katika ufuko wa Bukoba, na pamoja na bendera hiyo kikaja Kiswahili cha askari, makarani na wafanya biashara. Mwaka 1892 Askofu Hirth wa Mapadri Weupe, akikimbia vita vya Mengo katika Buganda, alivuka kuja upande huu na kuasisi misheni ya Kashozi, naye alifuatana na waumini waliosema Kiganda, hata Kiganda kikawa kwa muda mrefu lugha ya katekisimu na sala katika nchi isiyokuwa yake. Mwaka 1910 wakaingia Waluteri wa misheni ya Bethel, nao pia wakakuta waumini waliozoea kusoma Biblia ya Kiganda. Kule Rubya, ambako leo ni wilaya ya Muleba, ikajengwa seminari mwanzoni mwa karne ya 20, na humo vijana wakafundishwa Kilatini.

Jambo hilo la Kilatini ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Kirejeshi cha Kilatini huchukua jinsi na idadi ya nomino inayotangulia, ilhali umbo lake la mwisho huamuliwa na kazi yake ndani ya kishazi chake chenyewe. Kwa kijana wa Kizungu wa zama zile hiyo ilikuwa kanuni ya kukaririwa kwa fimbo; walakini kijana wa Kihaya au wa Kikerewe alikuwa amezaliwa ndani ya kanuni kama hiyo, kwa kuwa lugha za Kibantu aghalabu hazikubali kirejeshi kisichofuata ngeli ya nomino yake. Asemaye "mti uliokatwa" na "miti iliyokatwa", "kitabu kilichosomwa" na "vitabu vilivyosomwa", hahitaji kusadikishwa kwamba neno linalorejea sharti lilingane na linalorejewa. Seminari ya Rubya ndiyo iliyomlea Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyejua lugha nyingi za kigeni, Kilatini kikiwa miongoni mwake, na ambaye riwaya yake kubwa, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe na kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Ndiyo pia iliyomlea Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa daraja hiyo. Wala haikuwa ajabu kwamba nahau, yaani sarufi, kwa watu waliolelewa hivyo, ilikuwa elimu yenye heshima.

Lugha za wenyeji zenyewe zilikuwa na hazina yao. Kihaya na Kiganda ni ndugu, na nomino zao hutanguliwa na irabu: "omuntu", "abantu". Irabu hiyo ina kazi zinazokaribia kazi ya kibainishi, yaani neno la kubainisha nomino kama "the" ya Kiingereza, lakini haiishii katika nomino. Katika Kiganda "abantu bagenda" ni "watu wanakwenda", na ukitia irabu ile ile mbele ya kitendo, "abantu abagenda", maana yake inakuwa "watu waendao". Chembe ile ile inayobainisha nomino ndiyo inayogeuza kitendo kuwa kishazi rejeshi. Padri Kuijpers, mmoja wa Mapadri Weupe, aliandika nahau ya Kihaya kwa Kifaransa, iliyopigwa chapa mwaka 1922. Na mwaka 1977 Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman walitoa huko California kitabu kizima juu ya miundo ya Kihaya, kinachosomwa hadi leo na wanaisimu wa dunia.

Waingereza waliishambulia Bukoba mwezi wa Juni mwaka 1915 na kuitamalaki mwaka uliofuata. Shule zikaanza kupangwa kwa namna mpya, hasa baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kuizuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Mwaka huo huo Wahaya waliosoma waliunda umoja wao, Bukoba Bahaya Union, na elimu ilikuwa miongoni mwa matakwa yao ya mbele. Kiswahili, ambacho kuanzia mwaka 1930 kilikuwa na kamati ya kukisanifu kwa nchi zote nne za Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, kiliwekwa katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikafanywa mlango wa madarasa ya juu. Aliyetaka ukarani, ualimu, udaktari, au nafasi katika Shule ya Tabora na Makerere, alipaswa kupita mlango huo. Ihungo kwa upande wa Wakatoliki na Nyakato kwa upande wa serikali zikawa mahali ambapo nahau ya Kiingereza ilisomwa kama sheria inavyosomwa.

Vitabu vya nahau hiyo vilikuwa na asili yake. Robert Lowth aliandika chake mwaka 1762, Lindley Murray akamfuata mwaka 1795, na baadaye J. C. Nesfield akatunga vitabu vilivyotawala shule za Bara Hindi na kuweka mfano kwa makoloni. Wote walikirithi kigezo cha Kilatini, wakagawa maneno katika aina nane au tisa, kila aina na sura yake. Kwa sababu hiyo "the" ikawekwa mahali pamoja, "my" na "this" mahali pengine, na "who", "whose" na "which" zikafungiwa katika sura ya vijina, yaani viwakilishi. Dhana ya kuwakusanya "the", "my", "this", "each" na wenzao katika kundi moja la vibainishi ilikuja kwa wataalamu wa karne ya 20, na Leonard Bloomfield alikuwa mmoja wa walioipa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1933; nayo ilichukua miaka mingi kufika katika vitabu vya shule.

Hapo ndipo lilipo shina la kosa letu. Katika Kiingereza, mbele ya nomino kuna nafasi moja tu ya kibainishi kikuu, na nafasi hiyo ni kama kiti cha Omukama, mfalme wa Kihaya: hawakai wawili. Akikaa "the", "my" hana pa kukaa. Akikaa "my", "this" hana budi kuondoka au kutafuta njia ya kando, ndiyo maana husemwa "this book of mine". Basi "whose" ni mtu wa nyumba mbili. Ni kirejeshi, kwa kuwa huunganisha kishazi na nomino iliyotangulia. Na ni kibainishi, kwa kuwa hukikalia kiti kile mbele ya nomino inayofuata. Katika "the man whose cow died", ng'ombe hahitaji "his" wala "the", maana kiti kimekwisha pata mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa "which" katika "in which case". Na pale msemaji anapotaka kutaja wote au baadhi, Kiingereza humlazimisha atie "of" katikati: "the pupils, all of whom", "the books, some of which". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "whose" ni kijina tu, hakuambiwa nusu ya habari; na hiyo nusu aliyonyimwa ndiyo aliyohitaji ili asikosee.

Tena akilini mwake kulikuwa na utaratibu mwingine ulio kamili. Kiswahili husema "huyu ndiye mtu ambaye ng'ombe wake alikufa": kirejeshi kipo mahali pake, na mwenye mali anatajwa mahali pake, wala hakuna neno linalobeba mizigo miwili. Kiswahili husema pia "kitabu nilichokinunua", kikirudia kitendwa ndani ya kitendo bila ya aibu, na kutokana na sentensi hiyo huzaliwa "the book which I bought it". Na katika vibainishi, Kiswahili ni karimu: "wale wanafunzi wangu wote wawili waliofaulu" ni kirai halali kisicho na msongamano wowote, ilhali Mwingereza hana budi kukivunja na kukijenga upya, "both of those pupils of mine who passed". Mwanafunzi anayeandika "those my pupils" hajapotewa na akili. Anafuata sheria ya kwao katika nchi isiyoitambua.

Wala sheria hii ya Kiingereza si ya milele. Kiingereza cha zama za Mfalme Alfred, yapata miaka 1,100 iliyopita, kilikuwa na kiashiria kimoja kilichofanya kazi ya "the", ya "that" na ya kirejeshi kwa pamoja, na "that" ya leo, ambayo ni kiashiria na kirejeshi, ni mjukuu wake. Virejeshi vya "who" na "which" vilitokana na maneno ya kuuliza, vikakua katika karne za kati pamoja na athari ya Kilatini na Kifaransa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 "which" ilitumika hata kwa watu, na katika maandiko ya zama zile Waingereza wenyewe walisema "the which", wakiweka kibainishi na kirejeshi bega kwa bega, jambo ambalo leo lingepewa wino mwekundu.

Kiswahili nacho kina historia inayofanana na hiyo. Ludwig Krapf alipochapisha muhtasari wake wa nahau ya Kiswahili mwaka 1850, na Edward Steere alipotoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870, wote walikuta silabi za "-ye", "-cho", "-yo" na "-lo" zikifanya kazi ya urejeshi. Lakini Ethel Ashton, katika nahau yake ya mwaka 1944, ndiye aliyeeleza kwa ubayana zaidi kwamba "o" ya "kilicho" na "o" ya "hicho" ni moja, yaani ile inayorejea jambo lililokwisha tajwa. Kwa hiyo kiashiria na kirejeshi, Uingereza, Buganda na pwani yetu, ni watoto wa ukoo mmoja. Tofauti ni namna kila lugha ilivyowagawia urithi.

Baada ya uhuru, mambo yaligeuka upande mmoja na kubaki upande mwingine. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na mitihani ikatungwa nyumbani. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sekondari imebaki na Kiingereza hadi leo, na mtoto wa Ijuganyondo, ambaye Kihaya huenda alikinyonya na Kiswahili alikisomea miaka yake yote ya msingi, huingia kidato cha kwanza na kudaiwa "whose" kana kwamba alizaliwa nayo. Lugha za makabila hazimo katika mtaala, kwa hiyo yale yaliyoandikwa kwa bidii juu ya Kihaya hayamfikii mtoto wa Mhaya darasani.

Hukumu yangu, baada ya kuyapima hayo, ni kwamba kosa la "who his" ni ushahidi wa akili iliyo na nahau, nalo halitaondoka kwa adhabu wala kwa kukariri orodha ya virejeshi. Litaondoka siku mwalimu atakapoandika ubaoni sentensi ya Kiswahili, ya Kihaya na ya Kiingereza, moja chini ya nyingine, na kumwuliza mwanafunzi: katika kila moja, nani anarejea, na nani amekalia kiti? Kazi hiyo haihitaji fedha wala vitabu vipya kutoka ng'ambo. Inahitaji mwalimu anayeziheshimu lugha zote tatu sawasawa, na walimu wa namna hiyo Bukoba haikuwakosa hata zama za dhiki. Basi na waanze muhula huu.