Neno la leo: Oshi

Mashabiki wa vikundi vya wasichana waimbaji wa Japani wana neno ninalolipenda mno: oshi. Limetokana na kitenzi osu, yaani kusukuma, na pia kupendekeza. Oshi ni yule mmoja kikundini unayemshabikia kuliko wote. Neno hili hunoga zaidi kwa vikundi vidogo viitwavyo chika, yaani chini ya ardhi. Kumbi zao nyingi zimo ghorofa za chini kabisa. Humo shabiki hupunga kijiti cha taa chenye rangi ya oshi wake, kisha hupanga foleni, akalipia picha ya papo hapo na maongezi mafupi. Kikundi kimoja cha aina hiyo, Dempagumi.inc, kilianzia Akihabara, mtaa wa Tokyo. Mwaka 2014 kikapanda jukwaa la Nippon Budokan, ukumbi mkubwa wa Tokyo. Neno “kipenzi” halitoshi kutafsiri oshi. Oshi ni unayempigia debe.