Ladi Kwali hakugunduliwa na mgeni

Tangu 2007, nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria kuna picha ya mwanamke na mtungi wake. Ni Ladi Kwali, mfinyanzi wa Kigbagyi kutoka kijiji cha Kwali, aliyefariki 1984. Habari zake husimuliwa kwa namna ileile: mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew aliikuta kazi yake, akamwingiza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, dunia ikamjua. Simulizi hilo linasahau kwamba mitungi aliyoiona Cardew mwaka 1950 ilikuwa tayari pambo katika kasri la Emir wa Abuja. Wenyeji walikwisha kuipa heshima yake.

Ufundi wenyewe alirithi kwa wanawake wa ukoo wake. Hakuhitaji gurudumu; alipandisha kuta za mtungi kwa mikunjo ya udongo, yeye ndiye akiuzunguka. Juu yake alichora viumbe wa mbuga za kwao: mijusi, nge, nyoka, mamba, vinyonga. Kituo, kilichoanza 1952, kilikusudiwa vijana wa kiume wajifunze gurudumu. Ladi alipoingia 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza. Gurudumu alijifunza, ila mitungi mikubwa aliendelea kuifinyanga kwa mkono. Kilichobadilika ni michoro kujazwa udongo mweupe, chombo kupakwa dawa ya kukipa ngozi ya kioo, na tanuri la kuni lenye joto la kama nyuzi 1,300 kushika nafasi ya moto wa nyasi uwanjani. Badiliko hilo lilikuwa na gharama, na wasifu mwingi huiruka: mtungi wenye ngozi ya kioo hautoi jasho, kwa hiyo haupoozi maji. Ukatoka pembeni mwa nyumba ya Mgbagyi, ukahamia rafu za wakusanyaji wa London.

Yupo atakayesema kwamba bila tanuri la Cardew na maonyesho ya Berkeley Galleries ya London, jina hili lisingevuka mpaka wa Nigeria. Kweli, lakini hiyo ni hoja ya umaarufu, si ya sanaa. Cardew alileta soko na kemia. Umbo, mkono na wale mijusi vilimtangulia. Ushahidi mwingine unatoka kwetu: mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Abuja miaka ya 1970, na alichokichukua huko ni ufinyanzi wa mkono wa wanawake wale. Leo vyombo vyake, visivyo na ngozi ya kioo, vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Mji ule wa Abuja sasa unaitwa Suleja. Kituo kimepewa jina la Ladi, na ukumbi wa hoteli kubwa katika Abuja ya leo, mji mkuu, vilevile, ingawa magazeti ya Nigeria yamekuwa yakiripoti uchakavu wa kituo chenyewe. Makumbusho yanayohifadhi mitungi yake yenye ngozi ya kioo yaweke kando yake mitungi ya kawaida ya Wagbagyi, mgeni aone mwenyewe nani alimfundisha nani.