Kipindi cha Presha ya Jicho Kupanda

Jirani yangu hapa Karagita, mfanyakazi wa shamba la maua, alifanyiwa upasuaji wa glakoma na kuwekewa mrija wa kupunguza maji ya jicho. Wiki ya kwanza presha ilikuwa 12. Wiki ya tano akaambiwa, "Mama, presha imepanda, 26." Alitoka kliniki, akapitia duka la dawa kupimwa mkono, kisha akaacha chumvi.

Sikumlaumu. Presha tuliyoizoea ni ya damu. Glakoma nayo tunaiita presha ya macho, kwa wingi, jina la ugonjwa. Kinachosomwa na kipimo ni presha ya jicho, kwa umoja: jicho hili, leo. Shinikizo ni neno zuri, ila redioni tunalisikia zaidi wanasiasa wanapotakiwa kujiuzulu.

Jicho hutengeneza maji yake, takriban mikrolita 2.5 kwa dakika. Ya siku nzima hayajazi kijiko cha chai. Yanayoingia lazima yatoke. Tazama Ziwa Naivasha hapo chini: Malewa na Gilgil huingia, mto wa kutokea hauonekani, maji hupenya ardhini kimyakimya. Yakizidi, huingia nyumba za watu Kihoto, kama mwaka 2025. Jicho halina Kihoto. Maji yakikosa njia, kinachoumia ni neva ya kuonea.

Mrija huyapeleka maji kwenye bamba dogo lililofichwa chini ya utando wa nje wa jicho, yanyonywe hapo. Anthony Molteno alibuni kifaa cha aina hii Afrika Kusini miaka ya 1960. Vali ya Ahmed, inayozuia maji yasitoke kwa kasi mno, ilianza kutumika 1993. Lakini mwili haupendi mgeni. Hulizungushia bamba ganda la kovu, na kwenye wiki za mwanzo ganda hilo huwa limevimba, nene, halipitishi maji vizuri. Presha iliyokuwa imeshuka hupita 21, mara nyingi kabla ya mwezi wa tatu. Mrija wenyewe ukiziba, hilo ni jambo jingine, na daktari hulichunguza kwanza.

Hali hiyo ya ganda wengine wangeiita "awamu ya shinikizo la juu". Awamu inanukia serikali na miradi, kana kwamba kuna aliyeipanga. Mimi nasema kipindi, kama kipindi cha mvua: huja na kwa baadhi hupita, ganda linapokonda, huku matone kama timolol yakipunguza maji yanayotengenezwa. Kwa wengine presha hukwama juu, ikahitaji matone ya kudumu au upasuaji mwingine. Kitenzi nacho kina uzito wake: imepanda, si imerudi. Ukimwambia mgonjwa imerudi, atahesabu pesa za upasuaji kuwa zimepotea.

Juzi jirani alinionyesha kadi yake: 17, matone mara mbili kwa siku. Chumvi bado hajairudia.