Paka mzee asiyesikia vizuri, na watoto nyumbani

Kyela nyumba yenye magunia ya mpunga ina sababu nzuri ya kufuga paka. Panya wanatoboa magunia na kula mpunga wa familia. Paka mmoja mzuri anaweza kukaa nanyi tangu mtoto wa kwanza yupo mgongoni mpaka anaingia sekondari, na paka huyo naye anazeeka. Akipita miaka 11 tayari ni mzee. Akifika 15 ni kikongwe, kama bibi wa miaka sabini na kitu. Miguu inakuwa mizito, meno yanaharibika, na masikio nayo yanachoka.

Mimi ni muuguzi wa watu, si daktari wa mifugo. Ninaandika habari za paka kwa sababu anayeletwa zahanati ni mtoto: amekwaruzwa shavuni au ameng'atwa mkono, na mama anasema, "Ni paka wetu tu, hajawahi kufanya hivi." Mara nyingi mama anasema kweli. Paka hakubadilika tabia. Hakumsikia mtoto akija.

Utajuaje kwamba hasikii?

Paka mzima husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, ikiwemo milio ya panya. Akianza kuzeeka, dalili huja polepole kwa miezi. Unamwita, hageuzi sikio. Mlango unabamizwa, yeye amelala fofofo. Zamani ukigusa tu sufuria ya usipa alikuwa miguuni kwako. Sasa haji mpaka anuse. Wengine hulia kwa sauti kubwa kuliko zamani, hasa usiku, kwa kuwa hawajisikii wenyewe. Hapo ndipo majirani huanza maneno kwamba paka ana mambo. Hana mambo, ni mzee.

Mjaribu hivi: simama nyuma yake, mbali kidogo, mahali asipokuona, kisha piga makofi. Usikanyage sakafu kwa nguvu wala usipige karibu naye, maana atahisi mtikisiko au upepo na utadhani amesikia.

Si kila paka asiyesikia ni uzee. Tazama ndani ya masikio yake. Ukiona uchafu mweusi kama kahawa iliyosagwa, huenda ni utitiri wa masikioni. Usaha au harufu mbaya ni dalili ya maambukizi. Hayo yanatibika, kwa hiyo mwone afisa mifugo wa kata yako. Uziwi wa uzee wenyewe hauna dawa.

Nakuomba sana usijitibie paka kwa dawa za nyumbani. Paracetamol tunayowapa watoto homa ikipanda inaua paka, hata kipande kidogo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inaweza kumuua pia. Matone ya masikio ya binadamu usimwekee bila kuambiwa, kwani yapo yanayoharibu masikio zaidi.

Kwa nini anakwaruza

Fikiria umelala, husikii chochote, ghafla mkono unakushika mgongoni. Wewe ungeruka. Paka anaruka pia, ila yeye ana kucha na meno. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ndiye huumia zaidi, kwa sababu hutembea bila mpango, hupenda kukumbatia, na uso wake uko karibu na uso wa paka.

Wafundishe watoto sheria moja wanayoweza kuikumbuka: paka aliyelala haguswi. Mtoto akitaka kucheza naye, apite mbele aonekane kwanza, anyooshe mkono chini mpaka paka aunuse. Kwenye sakafu ya saruji unaweza kugonga kidogo kwa mguu ukiwa mbali, huenda akahisi. Sakafu ya udongo haipeleki mtikisiko vizuri, hivyo hapo tegemea macho yake na pua yake. Kumwita kula, tumia ishara ileile ya mkono kila siku, saa ileile. Paka hujifunza ishara haraka kuliko tunavyodhani. Kama meno yamekwisha, loweka usipa kwenye maji ya vuguvugu.

Mahali pa kulala paka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Paka mzee hupenda joto, na atakwenda kulala kando ya mafiga. Akishtushwa hapo, anaruka juu ya sufuria, na uji wa moto unaishia kwa mtoto. Mtafutie boksi au gunia kuukuu kwenye kona yenye ukuta nyuma, pasipo njia ya watu, mbali na jiko. Asilale ndani ya chandarua na mtoto mchanga pia. Akishtuka usiku humkwaruza mtoto na kuchana chandarua, na kwetu huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa chandarua kilichochanika ni malaria.

Nje, yeye ndiye aliye hatarini. Hasikii bodaboda, bajaji wala mbwa. Mwenye gari au trekta achungulie chini kabla ya kuwasha. Usiku abaki ndani.

Ni uziwi au ni kichaa?

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Jina "kichaa cha mbwa" linatupotosha, tukadhani ni ugonjwa wa mbwa peke yake. Mbwa ndio wanaoambukiza watu zaidi, lakini paka naye anaupata akiumwa na mnyama mwenye ugonjwa, na anaweza kumwambukiza mtu kwa mate yake. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Uziwi huja kwa miezi, na paka anabaki yule yule: anakula, anakutambua, anakwaruza anaposhtushwa tu. Kichaa huja kwa siku. Paka mpole anamfuata mtu kumng'ata bila kuguswa, au anajificha gizani. Sauti inabadilika, anatoa udenda, anashindwa kumeza, anapepesuka, miguu ya nyuma inalegea. Ukiona hayo usimshike. Ondoa watoto, mfungie mahali alipo kama unaweza bila kumgusa, mwite afisa mifugo.

Lakini kutofautisha huku usikutumie kuamua kama mtoto aende hospitali. Nimewasikia kina mama wakisema, "Alishtuka tu, ni kiziwi." Anaweza kuwa kiziwi na pia akawa ameumwa na mbwa wiki kadhaa zilizopita bila wewe kujua.

Akikwaruza au kung'ata

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu, mtoto atalia, mtu mwingine akusaidie kumwagia maji kwa jagi. Usipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala majani. Usilifunge kwa kubana.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Meno ya paka ni kama sindano: tundu linaonekana dogo, lakini uchafu umeingia ndani, na mkono unaweza kuvimba kabla ya kesho. Jeraha la usoni, kichwani au mkononi lisisubiri kabisa. Mhudumu ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, pepopunda na dawa za kuua vijidudu. Chanjo ya kichaa huchomwa zaidi ya mara moja, na lazima umalize zote. Zahanati ikikosa, usirudi nyumbani kungoja. Uliza hapohapo ipo wapi, iwe hospitali ya wilaya Kyela mjini au, kwa walio upande wa Matema, hospitali ya huko. Miezi ya mvua kubwa, barabara zikijaa maji, ondoka mapema.

Paka usimuue. Afungiwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10 huku afisa mifugo akijua. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, ataugua au kufa ndani ya siku hizo. Chanjo ya mtoto haingojei siku 10 ziishe. Na kabla hayo hayajatokea, uliza chanjo ya paka wako mwenyewe, maana uzee haumwondolei haja ya chanjo.

Ukiwa mjamzito

Paka mzee anayebaki ndani huanza kujisaidia ndani. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na afanye mtu mwingine. Kama uko peke yako, funga mifuko ya plastiki mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Huna haja ya kumfukuza paka. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa huwaambukiza wajawazito wengi, hata wasiofuga paka, basi pika nyama iive na uoshe mboga kwa maji safi.