Nakala Huru, Jina Lisilo Huru: Hakimiliki na Matini za Kiswahili katika Vyuo Vikuu

Mwaka 1903, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Kitabu hicho kinaeleza maisha ya watu wa Mrima: uzazi, chuo cha Kurani, jando na unyago, ndoa, ngoma, kilimo, utumwa na hukumu. Ukurasa wake wa kwanza ulibeba jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ilitoka katika kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ambaye tangu 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini humo. Mtoro alifariki Ujerumani mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa katika anwani ya kitabu.

Leo kitabu kama hicho kinaweza kupigwa picha, kikahifadhiwa katika kompyuta na kusomwa na darasa zima kwa siku moja, liwe Dar es Salaam, Nairobi au Bayreuth. Mhadhiri anayefanya hivyo hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni nani aombwe ruhusa ya kunakili. La pili ni nani atajwe. Historia ya matini za Kiswahili inaonyesha kuwa maswali haya yana asili tofauti, na kwamba la pili ni kongwe zaidi.

Katika miji ya Lamu, Pate na Mombasa, tenzi zilienea kwa mkono wa mnakili kabla ya kufika mitambo ya uchapaji. Aliyeupenda utenzi aliuazima, akaunakili kwa hati za Kiarabu, akaurudisha. Kunakili kulikuwa ni kuuhifadhi, na mara nyingi kulihesabiwa kuwa ni jambo la thawabu. Pamoja na uhuru huo, tenzi nyingi humalizika kwa beti ambamo mtunzi hujitambulisha, huomba dua na hutaja mwaka wa Hijra. Mnakili naye aliweza kuongeza jina lake chini, mbali na la mtunzi. Kwa maneno mengine, nakala ilikuwa huru, lakini jina halikuwa huru. Mtu angeweza kuuchukua utenzi wote bila malipo. Kumwondoa mtunzi wake ilikuwa ni dhuluma.

Sheria ya hakimiliki iliingia Afrika Mashariki kutoka njia nyingine. Chimbuko lake huko Uingereza ni sheria ya 1710, iliyozaliwa katika ushindani wa wauza vitabu wa London na kumpa mwandishi haki ya kuchapisha kwa miaka 14, inayoweza kurefushwa. Mwaka 1886 ulitiwa saini Mkataba wa Berne. Sheria ya Uingereza ya 1911 ilienezwa katika makoloni. Baada ya uhuru, Kenya na Tanzania zilitunga sheria zao mwaka 1966. Kenya iliifuatisha na sheria ya 2001. Tanzania Bara ikatunga sheria mpya ya Hakimiliki na Haki Shiriki mwaka 1999, na Zanzibar ikawa na sheria yake mwaka 2003. Katika mfumo huu swali kuu ni la mali: nani anaruhusiwa kutoa nakala, na kwa muda gani.

Tukiirejea kazi ya Mtoro kwa kipimo hiki, tunakuta jambo la kushangaza. Sheria ya Tanzania ya 1999 iliweka ulinzi wa kawaida kuwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ile ya Ujerumani, tangu 1965, ni miaka 70. Kwa vyovyote, sehemu aliyoiandika Mtoro imekwisha kuwa mali ya umma. Lakini tafsiri ya 1981 ni kazi mpya mbele ya sheria, nayo ingali inalindwa. Hivyo mhadhiri aweza kuwagawia wanafunzi maneno yote ya Kiswahili ya Mtoro, ila hawezi kufanya vivyo hivyo kwa Kiingereza chake.

Isidhaniwe kwamba dawa yake ni kuipuuza sheria. Mnakili wa Pate hakumnyang'anya mtunzi riziki, kwa sababu utenzi haukuwa na soko la vitabu. Mwandishi wa leo wa riwaya au wa kitabu cha isimu hutegemea nakala zinazouzwa, na wanunuzi wa vitabu vya taaluma vya Kiswahili ni wachache. Wengi wao ni wanafunzi wenyewe. Kitabu kinapotolewa fotokopi kizima pembeni mwa chuo, au kikisambazwa chote kwa simu, anayeumia kwanza si shirika kubwa la ng'ambo bali ni mchapishaji mdogo wa hapa, ambaye huenda asithubutu kuchapa kitabu cha pili.

Kwa sababu hiyo sheria zenyewe zimeacha mlango. Sheria ya Kenya inatambua matumizi ya haki kwa utafiti, kwa matumizi binafsi na kwa uhakiki. Ile ya Tanzania ya 1999 iliruhusu kunukuu, na pia kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinacholingana na lengo, kwa sharti kwamba chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Mwelekeo huo unafanana na sheria ya mfano iliyotayarishwa Tunis mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Sharti la jina ndilo linalostahili kuangaliwa. Sheria iliyotoka mbali inakutana hapo na adabu ya mnakili wa pwani: chukua unachohitaji kwa elimu, bali mtaje mwenyewe.

Je, kiasi cha haki ni kipi? Marekani, ambako Kiswahili hufundishwa katika vyuo vingi, sheria ya 1976 iliweka mambo manne ya kupimwa: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari zake kwa soko. Mwaka 2008 wachapishaji watatu walikishtaki Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia kwa kuwawekea wanafunzi sehemu za vitabu katika mtandao wake. Mahakama ya awali ilipima kwa asilimia 10 au sura moja. Mahakama ya rufani, mwaka 2014, ikakataa kipimo hicho cha hesabu na kuagiza kila kazi ipimwe peke yake. Shauri lilidumu hadi 2020. Funzo lake ni kwamba hakuna namba moja itakayomwondolea mhadhiri wajibu wa kufikiri.

Miswada ya zamani ina fumbo lake. Allen alikusanya miswada mingi ya pwani kwa ajili ya chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Hazina nyingine iko katika chuo cha SOAS, London, ambako kazi ya kuiorodhesha na kuiweka katika mfumo wa dijitali ilifanyika katika miaka ya 2000. Watunzi wengi wa kazi hizo walifariki zamani. Kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Hata hivyo, mwenye karatasi ndiye mwenye ufunguo wa mlango, na anaweza kuweka masharti yake. Hali kadhalika, mkataba wa kununua hifadhidata waweza kuubana uhuru ambao sheria imeutoa. Chuo kinachotia saini bila kuusoma mkataba huwauzia wanafunzi wake kilicho chao tayari.

Basi vyuo vya Afrika Mashariki vina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwaeleza wahadhiri na wanafunzi, kwa Kiswahili, mipaka ya kunakili na masharti ya mikataba. Ya pili haihitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mtu. Ni kuyasahihisha majina katika orodha za maktaba. Katika orodha ya kompyuta kitabu hupatikana kwa jina lililoandikwa humo: kikiingizwa kwa jina la Velten peke yake, mwanafunzi wa Bagamoyo anayemtafuta Mtoro hatampata. Ulinzi wa nakala una mwisho uliowekwa na sheria, na mwisho huo kwa Mtoro umekwisha kupita. Deni la jina lake halijalipwa kote.