Abdulrazak Gurnah na Suala la Mwandishi wa Kiingereza kutoka Unguja

Tarehe 7 Oktoba 2021 Akademia ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka huo imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah. Nchini Tanzania habari hiyo ilipokelewa kwa furaha iliyochanganyika na mshangao. Viongozi wa Muungano na wa Zanzibar walimpongeza, ilhali wasomaji wengi hawakuwa wamewahi kushika kitabu chake hata kimoja, na hakukuwa na riwaya yake iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mara likazuka swali la uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja; je, taifa linaweza kujivunia mtu ambaye sheria yake haimtambui?

Mjadala huo ulikuwa na uzito wake, lakini ulifunika swali lingine lenye manufaa zaidi kwa mwanahistoria wa fasihi. Kiswahili hutofautisha mambo mawili ambayo katika lugha nyingine huchanganyika kwa urahisi: riwaya ya Kiingereza si lazima iwe riwaya ya Uingereza, na anayeandika kwa Kiingereza si lazima awe Mwingereza. Hoja ya makala hii ni kwamba nafasi ya Gurnah miongoni mwa waandishi wa Kiingereza ilijengwa, katika kazi yake iliyompa jina, juu ya maandishi ya Kiswahili, na kwamba jambo hilo linabadili maana ya kile kilichoitwa kurudi kwake nyumbani.

Gurnah alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948, wakati Zanzibar ingali chini ya himaya ya Uingereza, katika familia yenye asili ya Yemen. Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 15 yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliondoka kwenda Uingereza, akasoma katika Chuo cha Christ Church, Canterbury, na huko ugenini, akiwa na umri wa takriban miaka 21, akaanza kuandika. Hakurudi Zanzibar hadi mwaka 1984, muda mfupi kabla ya baba yake kufariki.

Kazi yake ya kitaaluma haihitaji maelezo marefu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kuanzia 1980 hadi 1983. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa tasnifu kuhusu uhakiki wa bunilizi za Afrika Magharibi. Akafundisha Kent kwa miongo mitatu hadi alipostaafu mwaka 2017. Inafaa kuzingatiwa, hata hivyo, kwamba mtafiti huyu wa fasihi ya Afrika Magharibi alikuja kuandika karibu riwaya zake zote kuhusu pwani ya Afrika Mashariki na watu walioiacha. Riwaya ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987, ikafuatwa na Pilgrims Way (1988) na Dottie (1990).

Hapa ulinganisho mmoja una faida. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Unguja mwaka 1947, mwaka mmoja tu kabla ya Gurnah. Naye aliishi na kufundisha ng'ambo kwa miaka mingi, hasa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Lakini yeye aliandika kwa Kiswahili, na riwaya zake, ikiwemo Utengano, zimesomwa na kutahiniwa shuleni. Watu wawili wa rika moja na kisiwa kimoja, wote wawili mbali na kwao: mmoja anajulikana kwa mwanafunzi wa sekondari, mwingine alisubiri Stockholm imtambulishe. Kwa hiyo umbali peke yake hauelezi uchaguzi wa lugha. Wala haitoshi kusema kwamba Gurnah aliikimbia lugha yake. Amepata kulalamika hadharani kuhusu desturi ya wachapishaji kutaka maneno ya kigeni yaandikwe kwa herufi za mlazo au yaambatanishwe na faharasa. Kwake, maneno hayo si ya kigeni.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika Paradise (1994), riwaya ya nne, iliyotokana na safari ya utafiti aliyoifanya Afrika Mashariki mnamo 1990. Iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. (Mshindi wa mwaka huo, James Kelman, alizua ugomvi Uingereza kwenyewe kwa Kiingereza chake cha mitaa ya Glasgow, mipaka ya Kiingereza haikuwa swali la watu wa makoloni pekee.) Yusuf, kijana anayetolewa na baba yake kama rehani ya deni kwa tajiri Aziz, anafuata msafara wa biashara hadi bara. Jina na uzuri wake vinarejelea Sura ya Yusuf katika Kurani. Safari yenyewe ina chanzo kingine. Wahakiki wameonyesha ukaribu wake na masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, hususani simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu msafara wake wa bara. Mkusanyiko huohuo una simulizi ya Salim bin Abakari kuhusu Urusi na Siberia, na katika Paradise nako yanasikika mazungumzo ya safari ya nchi ya Warusi.

Maelezo ya kwamba Gurnah anamjibu Joseph Conrad, ambayo hurudiwa mara nyingi, yana ukweli, ila hayatoshi. Riwaya inayomjibu Mzungu bado humweka Mzungu katikati. Paradise imemtangulizia msomaji wa Kiingereza masimulizi ya wasafiri wa pwani, pamoja na kiburi chao, hesabu zao za mizigo na hofu zao. Wajerumani wanaingia taratibu, mwanzoni kama uvumi.

Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walichapisha Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Gurnah kupatikana kwa Kiswahili, miaka 28 baada ya asili yake. Wengi waliiita kurudi nyumbani. Sifa hiyo ni halali kwa sehemu: masimulizi yaliyotoka Kiswahili mwaka 1901 yakapita katika Kiingereza cha 1994, kisha yakarejea.

Lakini nyumbani kwa nani? Msafara wa Aziz unawatazama watu wa bara kwa jicho la pwani, na jina ambalo wasafiri wa zama hizo waliwaitia watu hao, washenzi, linauma zaidi likisomwa kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Msomaji wa Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, anaweza kuwa Mhadzabe, Mdatoga au Mwiraqw. Kiswahili huenda alikipata shuleni, baada ya lugha ya mama yake. Kwake Peponi si riwaya iliyorudi; ni riwaya iliyofika, tena kwa njia ileile ya pwani kwenda bara ambayo misafara iliipita. Gurnah mwenyewe hawapambi wafanyabiashara wake: Chatu, mtawala wa bara anayeupokonya msafara mali, anapewa nafasi ya kueleza dhuluma ambazo watu wake walitendewa na wageni wa pwani waliotangulia. Katika tafsiri, maneno ya Chatu yanamfikia msomaji wa bara katika lugha ya wageni haohao.